Hema la kukunja la pembeni ya tela: alumini au chuma, na kwanini langu linavunjika palepale?

#1 BabaTela_Fuoni
Asalaam aleikum. Nina tela dogo la ekseli moja, fundi kanipigia sanduku juu na kitanda ndani, mlango wa nyuma ukifunguka ndo jiko. Twatoka nalo familia nzima, sikukuu na Mwaka Kogwa (mwaka mpya wa jadi), twalala hukohuko Makunduchi, kusini Unguja. Pembeni ya tela huwa tunafungua hema la kukunja, yale ya mkasi (mikono ya paipu inapishana na kukunjuka kama mkasi), mita 3 kwa 3, miguu ya chuma kilopakwa rangi nyeupe. La mwanzo lilivunjika mkono mmoja wa mkasi, upande wa tela karibu na kona. Nikanunua jengine aina ileile nalo limekwenda palepale, upande uleule. Hakuna alolikalia, hakuna nazi ilodondoka juu yake. Nataka la kudumu kabla ya mwezi wa 7 na sitoi pesa mpaka nijue mambo mawili: alumini au chuma, na nini kinavunja mkono ule. Shukran.

#2 FunguoKumi
Alumini. Chuma na bahari havikai nyumba moja.

#3 Fundi_wa_Fremu
Waaleikum salaam. Namba 2 amesema kweli lakini nusu, mana kuna alumini na alumini. Ukifika dukani usiangalie rangi ya kitambaa, shika mguu. Yanauzwa ya milimita 30, 40 na 50, la 30 kwa pwani yetu ni la kuuzia juisi kivulini basi. Chukua 40 kwenda juu. Halafu tazama ukuta wa paipu wenyewe, mwengine mguu mnene kwa nje lakini ndani bati jembamba. Na muhimu kuliko vyote tazama vile viungo vya kona vinavopokea mkasi, ni plastiki au ni alumini ya kumimina? Vya plastiki juani vinakauka, siku ya upepo vinapasuka vyenyewe. BabaTela, hapo palipovunjika ni paipu au ni kiungo?

#4 BabaTela_Fuoni
Paipu, pale kwenye tundu la bolti. Kote mara mbili.

#5 Mkunduchi_Halisi
Karibuni sana kwetu lakini hilo si la alumini wala chuma, hilo ni kusi, upepo wa kusini. Mwezi wa 7 kusi iko kwenye nguvu yake na Makunduchi imeielekea baharini moja kwa moja, hamna kisiwa cha kuikata. Watu wanakuja na mahema waliyoyazoea Mjini, Forodhani, upande wa magharibi ambako mji wenyewe unazuia upepo, wakifika huku wanashangaa. Siku ya kuchoma kile kibanda cha makuti pale uwanjani utaona moshi unalala chini haupandi. Weka hema nyuma ya ukuta wa mawe au nyuma ya vichaka uone kama litavunjika.

#6 Ngalawa_ya_Nungwi
Kabla hatujalaumu upepo nauliza, upande wa tela umelifunga hema kwenye tela?

#7 BabaTela_Fuoni
Ndio, kamba mbili za manila zimefungwa kwenye bodi ya tela, upande wa pili vigingi. Tela zito, halitikisiki, ndo mana nalitumia.

#8 Ngalawa_ya_Nungwi
Basi jawabu unalo mkononi yakhe. Tela lako lina springi. Mtu akipanda kulala linashuka, akishuka linapanda, watoto wakirukaruka ndani linacheza, na kila likicheza linavuta zile kona mbili za hema wakati kona mbili za pili zimekamatwa na ardhi. Mkasi umetengenezwa kubeba uzito wa kitambaa kwenda chini, haukutengenezwa kuvutwa ubavuni. Tundu la bolti ndo pahala dhaifu kwenye paipu lote, chuma kimeshatobolewa pale, kinachoka kidogokidogo mpaka kinakatika. Fungua zile kamba, hema lisimame lenyewe kwa miguu yake, uache nafasi ya shubiri mbili baina yake na tela.

#9 BiMkubwa_Chake
Hapo sikubaliani na mwanangu wa Nungwi. Sisi huku Pemba twafunga hema kwenye tela miaka na miaka, twenda nalo Vumawimbi wakati wa kaskazi, na ule ufukwe kaskazi inauingia usoni. Halijavunjika mkono. Ninavoona mie ni maji. Hema la mita 3 kwa 3 ni mita 9 za mraba, mvua ya milimita moja tu ni lita 9, yaani kilo 9. Ikinyesha milimita 10 usiku na paa limelegea limefanya tumbo, pana kilo karibu 90 juu ya mikono ile. Kama upande wa tela umeinama kidogo maji yote yanakimbilia huko. BabaTela ardhi ilikuwa sawa?

#10 Mkunduchi_Halisi
Bi Mkubwa shikamoo, lakini mwezi wa 7 huku si masika. Masika yashapita tangu wa 5.

#11 BiMkubwa_Chake
Marahaba. Masika yamepita lakini manyunyu ya kusi hayapo? Mie nimezaliwa kisiwani kama weye, najua kiwingu cha usiku kinavomwaga robo saa kikaondoka.

#12 BabaTela_Fuoni
Bi Mkubwa mara ya pili kweli ilinyesha usiku na asubuhi paa lilikuwa na tumbo la maji upande wa tela, tukalisukuma na mti wa fagio. Lakini mara ya mwanzo haikunyesha kabisa, palikuwa na upepo tu. Ardhi ya Makunduchi si unaijua, mawe, haijawahi kuwa sawa.

#13 Maalim_Hesabu
Salaam nyote. Namba 5 na namba 9 mnabishana na hesabu ipo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, unasukuma kwa nguvu ya kama nyutoni 60 kwa kila mita ya mraba. Ukiingia chini ya paa la mita 9 za mraba na kulinyanyua, hiyo ni kama nyutoni 540, kwa lugha ya sokoni kama kilo 55 zinavuta kwenda juu. Sasa kasi ikiongezeka nguvu haiongezeki sawasawa nayo, inakwenda kwa mraba. Upepo ukifika mita 15 kwa sekunde ni zaidi ya kilo 120. Kasi ikiwa mara mbili nguvu ni mara nne. Kwa hiyo dumu la lita 20 kila mguu, kilo 80 jumla, linatosha upepo wa kawaida na halitoshi ule mpigo wa ghafla. Mnaoweka matofali mawilimawili na kulala usingizi, tafadhalini.

#14 FunguoKumi
Maalim umenitisha, mie naweka ndoo za mchanga tu.

#15 Maalim_Hesabu
Ndoo za mchanga ni bora kuliko maji. Mchanga mkavu lita moja ni kama kilo moja na nusu na zaidi, ndoo ya lita 20 ni kilo 30 na ushei. Lakini ndoo isikae tu pembeni ya mguu, ifungwe, na ifungwe juu kwenye kona, kamba ishuke wima. Uzito uliokaa chini bila kuvutwa haufanyi kazi.

#16 Dago_la_Kojani
Maalim ahsante kwa hesabu. Nami nna la kuongeza, sisi wavuvi twapiga dago (kambi ya uvuvi) visiwani wiki kwa wiki na turubai na boriti, hatuna hema la mkasi. Mchangani kigingi kifupi ni mchezo, kinatoka kama jino bovu. Chukua kiroba, jaza mchanga, kifunge kamba katikati, chimba shimo la magoti, kizike kimelala kwa upana kuikabili kamba, fukia, kanyaga. Kamba itoke kwa mshazari mbali na hema, usawa wa nusu baina ya kusimama na kulala. Huking'oi hata mkivuta watu wawili. Siku ya kuondoka fukua, mwaga mchanga, kiroba rudi nacho, msiache takataka ufukweni.

#17 Paje_Kwa_Upepo
Namba 16 hiyo ndo njia, wale wa kaiti hapa Paje nao wakitaka kuweka banda la muda wanazika viroba hivohivo. Ila kwa BabaTela kazi ipo, Makunduchi na Jambiani ukitoka ufukweni hatua chache ni maweni, huzikii kitu. Pale ndo mnapohitaji nondo ya milimita 12 na nyundo nzito, mtafute ufa kwenye jiwe, au mfunge kwenye jiwe lenyewe.

#18 Mwera_Boy
Samahani nje ya mada, haya mahema ya mkasi yametoka wapi? Zamani shuguli zote turubai na boriti.

#19 FunguoKumi
Marekani. Kampuni ya E-Z UP ya California imeanza 1983, zikafuata nyengine, skuizi mengi yanatoka China.

#20 Fundi_wa_Fremu
Turudi. Nasikia upepo, maji, springi, na kila mmoja ana haki yake, lakini hakuna aliyeuliza kutu. Chuma kilopakwa rangi kinaoza kutoka ndani ya paipu, rangi ya nje nzima kabisa. Maji ya chumvi yanaingia pale pale kwenye tundu la bolti mana pale rangi imekwaruzwa kiwandani wakati wa kutoboa. Mkifunga hema bichi mkaliingiza kwenye mfuko wake, chumvi inafanya kazi ndani mpaka sikukuu ijayo. BabaTela angalia palipokatika, ndani pana wekundu?

#21 BabaTela_Fuoni
Nimekwenda stoo kuliangalia. Wekundu upo kidogo pale kwenye tundu, lakini na mikono mengine ina wekundu na haijakatika.

#22 Ngalawa_ya_Nungwi
Ndo mana nasema springi. Kutu iko kote, kukatika kuko upande mmoja tu.

#23 Fundi_wa_Fremu
Na mie sikatai, nasema kutu imepunguza nguvu, kitu chengine kimemalizia. Na mnaonunua alumini msidhani mmemaliza, alumini haishiki kutu nyekundu lakini chumvi inaitoboa vidoa, na bolti ya stenlesi ikikaa kwenye alumini na maji ya chumvi katikati, ile alumini ndo inaliwa, utaona unga mweupe. Dawa ni maji baridi ya bomba, ukirudi nyumbani osha fremu yote, vuta kila kiungo huku unamwaga, anika, ndo ukunje. Bolti ukibadilisha ulizia stenlesi 316, ya 304 pwani inaota madoa.

#24 Kijana_wa_Bububu
Jamani mie naona mmesahau jambo jepesi. Je hema mnalifungua watu wangapi? Mana nimeona harusini, watu wawili wanashika kona mbili wanavuta kama wanagombania shuka, kona mbili nyengine zimebaki nyuma, mkasi unapinda. Linatakiwa watu wanne kila mmoja mguu wake, mnanyanyua kidogo, mnarudi nyuma pamoja mpaka robo tatu, kitambaa mnakivalisha kwenye kona zote hapo hapo kabla hakijakaza, halafu mnamalizia kusukuma mpaka vile viungo vya juu viseme tak. Ndo mnarefusha miguu, miwili miwili, upande unaopigwa na upepo mwisho. Kukunja ni kinyume chake.

#25 BabaTela_Fuoni
Mie na mke wangu na vijana wangu, tuko wanne. Ila upande wa tela nafasi ndogo, aliyepo kule huwa anabanwa na tela hawezi kurudi nyuma sawa na wengine.

#26 Kijana_wa_Bububu
Mnaona? Fungua mbali na tela kwenye uwazi halafu mlibebe mzima mzima mlisogeze. Kila mara upande uleule ndo unaofunguliwa kwa taabu.

#27 BiMkubwa_Chake
Hii nayo ina maana. Lakini maji mie sijayaacha. BabaTela weka upande mmoja chini tundu moja kuliko upande wa pili, paa liwe na mteremko, maji yasipate pa kukaa. Na usiteremshie kwenye tela, teremshia nje.

#28 Mkunduchi_Halisi
Na upande wa chini uwe ndo unaoelekea kusi, upepo upande juu yake badala ya kuingia chini.

#29 Maalim_Hesabu
Namba 28 sawa kabisa. Na usiku au mnapoondoka kwenda kuogelea shusheni miguu yote mpaka tundu la chini. Hema refu linakula upepo zaidi. Zile kuta za pembeni msifunge upande wa upepo pekee, hapo mmetengeneza tanga, na tanga lina kazi moja tu. Ukiona vumbi linanyanyuka na minazi inainama vueni kitambaa, fremu tupu haiendi popote.

#30 Dago_la_Kojani
Maalim umesema neno la mvuvi. Tanga hutuliwa mapema, huwezi kulitua dhoruba ishafika.

#31 FunguoKumi
Tela la BabaTela likitweka tanga litafika Pemba kabla ya meli 😄

#32 BiMkubwa_Chake
Likija Mkoani tutalipokea na pweza.

#33 Fundi_Springi_Mombasa_Road
Nimepitia uzi wote, nna swali kwa mwenye uzi. Njiani hema unalibeba wapi?

#34 BabaTela_Fuoni
Chini, ndani ya sanduku la tela, kabla ya magodoro. Juu yake madumu ya maji na meko.

#35 Fundi_Springi_Mombasa_Road
Basi mie hukumu yangu ni hiyo. Natengeneza matela, naona yanavorudi. Tela la ekseli moja likiwa tupu nyuma linaruka kuliko gari, kila tuta ni nyundo, na ndani ya sanduku kila kitu kinapiga kilichopo chini yake. Hema limelala ubavu uleule safari zote, mikono ileile inapokea madumu. Unaufikisha mkono Makunduchi umeshapinda kidogo huuoni, usiku kaupepo kadogo kanaumaliza, asubuhi mnamlaumu kusi. Lifunge juu ya sanduku kwa mikanda au lisimamishe pembeni limezungukwa na magodoro, madumu ya maji yakae juu ya ekseli.

#36 Ngalawa_ya_Nungwi
Fundi hema likikunjwa mikono yote imekaa pamoja kama kuni, vipi madumu yachague ule mmoja?

#37 Fundi_Springi_Mombasa_Road
Haichagui, wa juu ndo unaopokea. Na wa juu ni uleule mana mfuko una zipu upande mmoja na watu huulaza zipu juu. Si ndivo BabaTela?

#38 BabaTela_Fuoni
Zipu juu ndio, wallahi. Lakini sina uhakika mkono wa juu ndo unaokuja upande wa tela, hema la mraba, lageuka kokote.

#39 Paje_Kwa_Upepo
Hapo pana kazi ya kufanya, chukua rangi ya kucha ya mke wako weka alama kila mguu, 1 mpaka 4, safari hii utajua.

#40 Mama_Wawili_Kiembesamaki
Mie nauliza upande wa kitambaa mana nataka kununua langu. Nimeona wameandika 210D, 420D, 600D. Na kuna miguu iliyonyooka na ya kupanuka chini.

#41 Fundi_wa_Fremu
Mama, D ni unene wa uzi, namba kubwa uzi mzito. Kwa jua letu polista 600D iliyopakwa ndani isipitishe maji, mshono uwe umezibwa na utepe. Yale maturubai ya buluu ya plastiki ni ya muda, jua linayachanachana. Nailoni nayo ikilowa inanyoosha, polista hainyooshi hivo, ndo paa halifanyi tumbo upesi. Miguu chukua iliyonyooka. Ya kupanuka wanakuandikia mita 3 kwa 3 lakini hiyo ni chini kwenye miguu, paa lenyewe utakuta kama 2.4 kwa 2.4, kivuli umepunjwa, na pembeni ya tela ule mguu wa mshazari unakwaza mlango.

#42 BiMkubwa_Chake
Na mama yangu, jiko la mkaa lisiingie chini ya hema mkafunga kuta. Kitambaa kile kinayeyuka na cheche, na moshi wa mkaa usioonekana unalaza watu wasiamke. Pikeni nje upande upepo unakokwenda.

#43 Mama_Wawili_Kiembesamaki
Ahsante Bi Mkubwa, hilo dukani hawakunambia.

#44 Dago_la_Kojani
Na mkifungua ufukweni tazameni mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvu, maji kwetu yanapanda na kushuka kama mita 4, pale mlipoona mchanga mkavu jioni alfajiri ni bahari. Tafuteni ule mstari wa majani makavu ya mwani, lipandisheni hema juu yake sana. Na si chini ya mnazi wenye nazi.

#45 Mkunduchi_Halisi
Mwenzetu BabaTela, mwezi wa 7 njoo kwangu nina ua wa mawe upande wa kusi, weka tela humo, hema usilifunge kwenye tela, tuone. Likivunjika tena humo ndani basi mie nimeshindwa na fundi wa springi ameshinda.

#46 Ngalawa_ya_Nungwi
Hapana, mkibadilisha mambo mawili kwa pamoja hamtojua lipi lilokuwa linavunja. Afunge kwenye tela kama kawaida lakini ndani ya ua.

#47 Fundi_Springi_Mombasa_Road
Na alibebe juu ya sanduku.

#48 Ngalawa_ya_Nungwi
Hayo matatu sasa!

#49 BabaTela_Fuoni
Nimewasoma wote, Allah awalipe. Nachukua alumini ya 40 viungo vya kumimina, kitambaa 600D, miguu iliyonyooka. Alama za rangi ntaweka. Mkunduchi nakuja kwenye ua wako inshallah. La kamba na tela bado sijakata shauri mana Bi Mkubwa anafunga na lake halivunjiki. Bi Mkubwa, hebu tuambie kamba zako unazifunga wapi hasa kwenye tela?

#50 BiMkubwa_Chake
Sifungi kwenye bodi mwanangu. Nafunga kwenye ekseli, chini.

#51 Ngalawa_ya_Nungwi
Aaa! Ekseli haichezi, iko chini ya springi! Bi Mkubwa ungesema tangu namba 9.

#52 BiMkubwa_Chake
Hukuuliza.

#53 Fundi_Springi_Mombasa_Road
Bado haielezi kwanini kukatika kuko kwenye mkono wa mkasi na si kwenye kiungo cha kona ambako kamba inavutia. Kamba inafungwa kona, ingepasuka kona.

#54 Fundi_wa_Fremu
Inategemea fremu. Za viungo vya plastiki kona inapinda inarudi, nguvu inahamia kwenye mkono. BabaTela viungo vyako vya zamani ni plastiki?

#55 BabaTela_Fuoni
Plastiki. Na mkono wa spea nimeuliza maduka ya Mjini sijaupata, wanauza hema zima tu. Kama kuna anayejua pa kupata mikono peke yake anambie, hili la pili fremu yote nzima isipokuwa huo mmoja.

#56 Kijana_wa_Bububu
Lete kwangu, kuna fundi hapa wa madirisha ya alumini anakata paipu na kutoboa kwa kipimo. Leta na ule mzima wa upande wa pili apimie.